Udongo wa Kuzamishia Nyavu

Chwaa! Nakumbuka kwanza sauti hiyo, mwanangu, kabla sijaona chochote. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikianika mpunga. Nilipoingia jikoni nikamkuta mume wangu, Ramazani, amechuchumaa mbele ya mafiga, akimimina risasi iliyoyeyuka kwenye mchanga mbichi. Risasi ile, si ya bunduki bali madini laini na mazito, aliitoa ndani ya betri za lori lililokufa. Ilikuwa miaka ya vita. Treni haikuja tena mjini kwetu Kindu, vitu vya dukani vilikwisha, na mvuvi wa mto Lualaba asiye na uzito wa kuzamisha nyavu alirudi na mtumbwi mtupu. Basi kila nyumba ya mtaa wetu ikayeyusha risasi, tena katika sufuria ileile ya bugali. Nasi wanawake tuliona wanaume wetu wana akili.

Binti yetu Sifa ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutembea. Alivichezea vipande vile vinavyong'aa, akavilamba. Baadaye akakataa chakula, akawa analia tumbo, na maneno machache aliyoyajua yakampotea mdomoni. Tukadhani minyoo. Muuguzi wa kituo cha afya akauliza, "Nyumbani munayeyusha nini?" Akatuambia kwamba vumbi na moshi wa risasi huingia katika damu ya mtoto na kuidhuru akili yake, na kwamba dawa ya kwanza ni kuiondoa nyumbani.

Ramazani akaja juu. "Na nyavu nizizamishe na nini? Na mate yangu?"

Mama yake, Mama Zaina, aliyekuwa mfinyanzi, akampokonya sufuria. "Weye Ramazani, mafiga ndiyo ya kulisha batoto! Mutoto iko nakufa, weye uko nawaza samaki. Hao samaki atakula nani?"

Kesho yake akafinyanga shanga kubwa za udongo, akazichoma. Mara ya kwanza nyavu zilielea, na mtoni wakacheka: "Mama Zaina iko navua upepo!" Akacheka nao, akazifanya nene zaidi. Zikazama. Ndipo majirani wakaanza kuja, wakiona aibu kidogo, kila mama na kikapu chake cha udongo. Tuliosha sakafu kwa maji, hatukufagia vumbi kavu, lisiruke. Sufuria za risasi tukazitoboa, asizipikie mtu tena. Sifa akarudi kula, kisha kusema, polepole. Hesabu bado inamsumbua, hilo sikufichi.

Leo ni betri za sola. Vijana wanazipasua uani kutoa risasi, watoto wakicheza kando yao. Nakuomba, mwanangu: usipasue betri wala kuyeyusha risasi nyumbani. Ukitoka kwenye kazi ya namna hiyo, badili nguo na unawe kabla ya kumbeba mtoto. Akidhoofika, mpeleke apimwe, usione haya. Na jirani umwambie kwa upole, maana watoto wake na wako wanachezea vumbi moja. Mungu akujalie nyumba yenye kelele za watoto wazima, na akupe moyo wa kukubali unapokemewa.

Sifa sasa ni mama. Mtaa umemchagua yeye kupita nyumba kwa nyumba kuwaonya watu, na betri nyingi zilizokufa tayari zimewekwa mbali, kwenye banda lenye kufuli. Asubuhi hii anakwenda kwa jirani aliyemfukuza jana.

"Akikufukuza tena?" namuuliza.

"Atachoka yeye, mama. Miye sichoki."

Anakaza kitenge, anatoka, na mlango unafungwa nyuma yake.