Mashine Inaliaje?

Wifi yangu, fundi huko Tunduma, ndiye aliyeniambia kwanza kwamba fundi wa mashine hupata kazi kwa mikono, lakini huidumisha kwa masikio. Nilicheka tu.

Juzi mashine ya kusaga ya hapa Iyula iligoma, nami nikiwa kwenye foleni na ndoo yangu ya mahindi. Mama mwenye mashine akawapigia mafundi wa Tunduma, akaweka spika. Aliyepokea alikuwa wifi. Alishaniambia kwamba kazi itakayofuata bosi wake atamtuma peke yake kwa mara ya kwanza, na akija na kipuri kisichofaa, hatatumwa tena.

"Shikamoo, mama. Mashine inaliaje?"

"Marahaba. Inalia kama mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini, mama?"

Foleni ikaangua kicheko. Mzee mmoja akajaribu: "Grrr!"

"Hiyo ni pikipiki yako, baba," wifi akamjibu.

Mimi huona aibu hata kuitikia hodi. Lakini nilimfikiria wifi, nikaziba uso kwa kanga, nikasema, "Kwii, kwii, kwii."

"Wifi! Ni wewe? Hebu rudia!"

Nikarudia kwa nguvu.

"Hiyo ni beringi imekufa. Nakuja na mpya."

Jioni mashine ilinguruma, na yule mama akampigia bosi: "Siku nyingine mtuletee huyu huyu."

Watu husema kazi hujengwa kwa vyeti. Ya wifi ina pia kwii zangu ndani yake.

Asubuhi yake nilirudi na ndoo. Foleni nzima ikanipokea: "Kwii, kwii!"

Nikaitikia, "Kwii!" nikapanga ndoo yangu.