Siku Nilipotoa Makochi Nje

Mke wangu alipoingizwa chumba cha upasuaji, binti yetu alinifukuza hospitali. Sitafuti neno laini zaidi, alinifukuza. Nilikuwa nimeshamhoji kila nesi aliyepita pale kwenye mabenchi, na mmoja nilimhoji mara mbili kwa sababu alikuwa amevua barakoa nikadhani ni mwingine.

"Baba, nenda nyumbani," binti akasema. "Hapa unawachosha watu, na mimi unanichosha. Mama akitoka nitakupigia. Wewe usipige, nitakuwa na daktari."

Nikapanda bodaboda hadi Butimba, nimenuna njia nzima. Dereva alijaribu kuniongelesha kuhusu mpira pale Mkuyuni, nikamjibu vibaya. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali.

Kabla ya hapo daktari hakutuzungusha. Uvimbe tumboni ulikuwa umekua, presha ya mke wangu ilikuwa haitaki kutulia, na kuuacha kulikuwa na hatari kubwa kuliko kuutoa. "Kuna uwezekano asiamke," alisema, akimwangalia mke wangu na si mimi. Mke wangu akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei ya nyanya. Mimi ndiye niliyetoka nje nikatapika kando ya ukuta.

Nyumbani kulikuwa kimya. Kanga yake ilikuwa imetundikwa mlangoni, kikombe chake kiko mezani na masalio ya uji wa jana. Nikakaa. Nikasimama. Nikakaa tena. Nikaona nikiendelea hivyo nitampigia binti simu, naye atanipandishia sauti, basi nikaiweka simu dirishani, sauti juu kabisa, nikachukua fyekeo nyuma ya mlango.

Mtaani kwetu watu hawapendi majani uani. Uwanja wao ni udongo mtupu, unafagiwa asubuhi mpaka mistari ya ufagio inaonekana, nyoka asipate pa kujificha. Mimi nilipostaafu nilipanda ukoka katikati ya mawe, na mawe kwetu hayakosekani. Walinicheka sana. Waliuliza kama nafungua kiwanja cha mpira. Hawakujua, na sikuwaeleza, kwamba ile ndiyo kazi pekee inayonituliza. Mkono unakwenda, kiuno kinaufuata, majani yanalala, na ukigeuka nyuma unaona ulipopita. Katika miaka yangu yote ya ofisini sikuwahi kugeuka nikaona nilipopita.

Siku hiyo nilianza kwa hasira. Fyekeo likagonga jiwe, likatoa cheche, mkono ukafa ganzi mpaka begani. Nikajitukana. Nikaanza upya, taratibu, kuanzia ukutani kuelekea getini. Upepo ulikuwa unapanda kutoka ziwani ukiwa na ile harufu ya dagaa wanaoanikwa kwenye miamba, na jasho likanikauka mgongoni. Kwa kitambo nilisahau. Nasema kweli, nilimsahau mke wangu akiwa amelala pale kwenye meza ya upasuaji, nikawa nawaza tu mstari ulionyooka na kisiki kinachokuja mbele. Nilipokumbuka, nikatupia macho dirishani. Simu ilikuwa kimya.

Majani yakaisha. Hilo ndilo tatizo la uwanja mdogo. Nikayakusanya, nikayarundika kando, nikafagia njia ya getini. Simu kimya. Nikaingia ndani nikaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi. Kikombe chake sikukigusa. Halafu nikaona sakafu ya sebuleni. Ilikuwa na vumbi chini ya makochi, vumbi la siku zote, lakini siku hiyo nililiona kama dharau. Nikaamua nideki. Na mimi kazi ikishanikolea siifanyi nusu. Nikayatoa makochi yote nje, moja moja, nikiyaburuza mlangoni, nikayapanga kwenye majani yaliyofyekwa, mito nikaianika juani. Meza nayo nikaitoa, kikombe chake kikiwa juu yake. Sebule ikabaki tupu kabisa. Nikapiga magoti na tambara na ndoo ya maji ya sabuni.

Nilikuwa nimefika katikati ya sakafu niliposikia mtu analia getini.

Alikuwa jirani yetu, mama wa nyumba ya upande wa juu, mtu mzima, Msukuma, mama aliyekaa na mke wangu kwenye kwaya na kwenye kikundi cha akina mama kwa miaka mingi, na aliyejua kwamba anapasuliwa leo. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni na nyingine kichwani. Nyuma yake walikuwa wanawake wengine wawili, mmoja kabeba unga kwenye beseni, mwingine mzigo wa kuni. Mama yule akaingia mpaka pale nilipopiga magoti, akanipa mkono, mkono wa pole, akaushika wangu uliolowa kwa mikono yake yote miwili.

"Pole, baba. Pole sana. Bwana ametoa, Bwana ametwaa."

Nilikaa pale pale kwenye maji.

Kwetu mtu hapewi taarifa ya kifo akiwa peke yake. Wanaambiwa kwanza majirani, wanasogea, wanajaa, na ukiona uwanja umejaa watu ndipo unaelewa, kabla hujaambiwa neno. Nimeshashiriki jambo hilo mara nyingi. Nimeshaingia kwenye nyumba za watu nikiwa najua, nao hawajui, nikawasalimia nikaulizia mvua. Kwa hiyo nilipomwona mama yule nilielewa kila kitu. Binti alikuwa amempigia yeye. Binti hakutaka niipokee peke yangu nikiwa na tambara mkononi.

Wanawake wakaingia, wakakaa chini ukutani kwenye upande uliokauka. Wanaume wawili wakafika getini, kisha wa tatu akiwa amebeba begani gogo la kuwashia moto wa nje. Mmoja akaanza kuuliza turubai litapatikana wapi. Mimi nilikuwa nawaangalia tu. Nilitaka kuuliza ameondoka saa ngapi, nikashindwa, maana nikiuliza litakuwa limeshakuwa kweli.

Mwishowe nikauliza jambo jingine. "Nani amekupigia?"

Mama akanitazama. "Amenipigia nani?"

"Si umepigiwa? Binti yangu amekupigia."

"Hapana, baba. Mimi sijapigiwa na mtu." Akaonyesha uwanjani kwa kidevu. "Nimeona umefyeka. Nikasema moyoni, mbona leo siyo Jumamosi yako ya kufyeka? Halafu nimeona makochi yako nje."

Makochi yako nje. Uwanja umefyekwa, sebule imeachwa wazi kwa ajili ya mikeka ya msiba. Hakuna mtu mtaani kwetu ambaye angeona vile akafikiri jambo lingine. Mimi mwenyewe ningepita njiani ningevua kofia.

"Nadeki!" nikafoka. "Nadeki nyumba yangu! Mtu hawezi kudeki?"

Mwanamume mmoja akacheka, kicheko cha woga, kikakatika. Wengine wakaangaliana. Aliyeleta gogo akalishusha chini polepole, asijue aliweke wapi. Ningetaka kusema nami nilicheka, lakini nilikuwa na hasira. Nikawaambia waondoke. Nikawaambia wamemzika mke wangu akiwa hai, wachukue unga wao na kuni zao. Maneno mengine siyarudii.

Hakuna aliyeondoka. Mama yule alingoja nimalize.

"Ametoka chumba cha upasuaji?"

"Bado."

"Basi hujui."

"Sijui."

"Na sisi hatujui," akasema. "Tumeshakuja, baba. Huwezi kukaa na jambo hili peke yako na ndoo. Tutakaa mpaka simu ilie."

Akachukua tambara mkononi mwangu, akalikamua, akaendelea kudeki pale nilipoishia. Wanaume wakakaa nje kwenye kingo za makochi, kama watu walioalikwa kwenye nyumba wasiyoizoea. Hakuna aliyewasha moto. Hakuna aliyezungumzia tena turubai, ila nilijua kila mmoja anajua ni la nani na lipo wapi. Hilo ndilo lililonitesa. Walikuwa tayari. Kila kitu kilikuwa tayari, kilikosekana kifo tu, na mimi mwenyewe ndiye niliyeandaa uwanja. Nikaanza kufikiri kwamba huenda mikono yangu ilijua kabla yangu. Ni upuuzi, lakini jaribu kuufukuza upuuzi huo ukiwa umezungukwa na watu waliojifunga kanga za msiba.

Simu ikalia.

Ililia dirishani kwa ile sauti ya juu niliyoiweka mwenyewe. Nilifika pale, nikaona jina la binti, nikanyoosha mkono. Vidole havikukunjika. Mama akainuka kutoka sakafuni, akajifuta mikono kwenye kanga, akaipokea yeye.

"Haloo, mwanangu," akasema. Akasikiliza. Nilikuwa namtazama usoni na uso wake haukuniambia kitu. "Eeh," akasema. "Eeh." Kisha akaniwekea simu sikioni, akaishikilia hapo kwa mkono wake wenye sabuni.

"Baba?" Binti alikuwa anahema. "Baba, ametoka. Wameutoa wote. Amefungua macho, ameongea. Amekuulizia."

Nikamwangalia mama yule nikaitikia kwa kichwa, mara nyingi mno, na yeye akageuka akawaambia wenzake. Ndipo kilio kikalipuka. Wanawake wale walikuwa wamekuja na kilio chao kutoka nyumbani, wakawa wamekikalia muda wote ule, na sasa kilitoka chote, kwa sauti kamili, mikono kichwani, kama kinavyotoka msibani. Nje wanaume walikuwa wamesimama, mmoja kaziba uso kwa kofia.

"Baba!" Binti akapiga kelele kwenye simu. "Baba, kuna nini huko? Nani amekufa?"

"Hakuna," nikasema. Nilikuwa nalia na mimi. "Hakuna aliyekufa, mwanangu. Hakuna aliyekufa."