Nafasi ya Mama Mbele ya Gari

Usiku ule nililala nimenuna. Nilikuwa nimemwomba baba amruhusu wifi yangu Saumu, mke wa kaka, asimame mbele ya gari Jumapili kwenye mashindano. Baba hakuinua hata kichwa kutoka kwenye injini. Alisema, "Pale ni pa mama yako," basi, mazungumzo yakaisha. Kumweleza baba yangu jambo linalomhusu marehemu mama ni kumpigia mbuzi gitaa.

Mbio zetu ni za magari mawili kwenye barabara iliyonyooka, kile kiwanja cha ndege cha zamani katikati ya mashamba ya mkonge. Hazichukui muda, ukiinama kufunga kiatu umezikosa. Lakini kabla ya kuondoka unazungusha matairi yapate moto, moshi unatanda, gari linasogea mbele na kuacha alama mbili nyeusi za mpira. Halafu unarudi nyuma juu ya alama zako mwenyewe, maana hapo ndipo tairi linaposhika vizuri. Dereva haoni nyuma. Anamtazama mtu aliyesimama mbele yake, anayemwelekeza kwa mikono. Kwetu mtu huyo alikuwa mama, tangu baba alipoanza na pikapu ya shamba hadi mimi niliporithi usukani. Alivaa kofia pana ya ukindu na hakupaza sauti hata siku moja.

Tangu tumzike, tumeiacha nafasi ile wazi, tukiita heshima. Nami narudi nyuma kwa kubahatisha. Mara ya mwisho tairi moja lilikaa nje ya alama, gari likavuta upande, nikaupita ukuta wa kando ya barabara kwa karibu hadi kioo cha pembeni kikang'oka. Niliogopa, jamani. Na Jumapili ndiyo hiyo inakuja.

Basi, nikalala. Mara niko kwenye usukani, mchana kweupe, na moshi wa matairi unanukia udi. Moshi unapungua, namwona mama amesimama mbele ya gari na kofia yake. Sishangai sana. Ananyoosha kidole kushoto, narudi nyuma. Kulia, narudi. Kiwanja hakiishi. Pembeni kumekuwa ua wa nyumba yetu, magodoro yameanikwa, kisha ni ile njia ya makaburini, nami bado narudi nyuma na mama bado ananifuata kwa miguu, jua limemwakia. Nikaona kiatu chake kimoja kimepasuka na mguu umevimba, kama ulivyovimba wakati ule wa ugonjwa. Nikasimamisha gari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akazunguka, akafungua mlango wa abiria, akaingia. Kiti cha upande ule tulikwisha kukiondoa ili gari liwe jepesi. Yeye akaketi kwenye bati tupu, akanyoosha miguu kama yuko mkekani, akavua kofia na kuvuta pumzi ndefu. Nilifurahi kuisikia pumzi ile kuliko nilivyowahi kufurahia ushindi wowote.

"Mama, baba anasema pale ni pako."

Ananitazama kwa lile jicho lake la kumkata mtu maneno.

"Mwambie baba yako nimesimama vya kutosha. Mnaniweka juani."

Nataka kumuuliza kuhusu mguu. Anajua.

"Siumwi tena," anasema. "Saumu ana macho. Mpeni kazi."

Kisha anaegemeza kichwa mlangoni na kulala. Gari limezimwa, nami nimekaa tu pale, namsikiliza akikoroma kidogo kama zamani.

Niliamka mto umelowa, lakini moyo ulikuwa mweupe. Nje kulikuwa kunapambazuka. Baba alikuwa uani anatawadha. Sikungoja amalize, nikamweleza yote. Aliacha maji yamwagike mkononi.

"Alikuwa ameketi?" akauliza.

"Ameketi, baba. Akalala kabisa."

"Na mguu?"

"Amesema haumwi tena."

Baba alitafuta kigoda, akakaa. Alilia kidogo, kisha akacheka huku akijifuta. "Yule mwanamke," akasema. "Hata huko bado ananipangia kazi."

Tuliswali kwanza. Halafu akaenda mwenyewe kugonga mlango wa kaka na kumwita Saumu. Saumu akatoka na usingizi wake, anafunga kilemba. Baba akamwonyesha ishara zote: kushoto, kulia, polepole, simama. Akampanga katikati ya ua, kisha yeye mwenyewe akasimama hatua chache mbele yake, wakitazamana.

"Haya, mwanangu," akamwambia, "mimi ndilo gari."

Kisha akaanza kurudi nyuma taratibu, bila kugeuka, macho kwenye vidole vya Saumu.