Nimemaliza jeshi la baba akiwa anapasuliwa

Leo nimeua askari wote wa baba yangu, na yeye alikuwa kwa chumba cha upasuaji.

Mzee amestaafu na siku hizi ni gemu ya kadi kwa simu tu, ile ya picha za vidoti vidoti. Unapanga kadi zako, halafu askari wanapigana wenyewe. Wewe kazi yako ni kutazama.

Kabla wamsukume ndani alinipa simu.
"Nimebakisha jitu la mwisho. Usiguse."

Tukangoja sana hapo hospitali, Hurlingham. Hakuna daktari alitoka. Mama alikuwa anaomba kimya kimya, na mimi nikafungua hiyo gemu ili nisilie mbele yake.

Nikaanzisha vita.
Askari wakaanguka mmoja mmoja, na hakuna mahali pa kubonyeza uwasaidie.

Nikalia. Kwa sauti, jamani.

Mama akanishika mabega. "Wamekuambia nini?"
Nikazidi kulia tu. Naye akaanza kulia.

Daktari akatoka akatupata hivyo. "Mama, mbona mnalia? Mzee yuko sawa."

Sasa ameamka, anaulizia simu yake. Mama bado amenuna, anasema nitamwambia mwenyewe.

Niko hapa mlangoni. Nishaurini.