Nilichora logo ya bucha Kisongo, ukoo mzima ukaja kuuliza ng'ombe wao wako wapi

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Hii sio chai. Anayetaka chai kuna nyuzi zake humu, na vitafunwa viko huko huko. Mimi naleta jambo lililonikuta mwenyewe hapa Arusha. Nimebadilisha majina tu nisije nikafuatwa tena, maana nimeshafuatwa mara moja na inatosha.

Mimi ni dizaina. Natengeneza logo, mabango, kadi za harusi, na ukinikuta na njaa hata tisheti za msiba nafanya. Ofisi yangu ni meza moja ndani ya stationery ya mtu, mjini. Ukiingia kutoa kopi utanikuta na laptop, miwani na sura ya mtu mwenye mawazo mazito.

Miwani haina namba.

Siku moja akaja mama wa Kichaga, tumwite Mama Glory. Alifanya kazi kampuni ya utalii miaka mingi, alipostaafu kiinua mgongo chote akakizika kwenye bucha pale Kisongo, barabarani kabisa. Vigae vyeupe, vioo, mashine ya kukatia mifupa, yaani unaingia unatamani kuvua viatu.

Ila alikuwa na hofu moja. Yeye ni mgeni pale, na watu wa Kisongo kwenye mambo ya nyama hawadanganyiki. Wakikususa umekwisha, na hakuwa na akiba nyingine ya kuanzia upya.

"We kijana," akaniambia, "nataka logo ambayo mtu wa kule akiiona tu ajisikie nyumbani."

Shikeni hilo neno.

Akatoa simu akanionyesha picha ya mtamba mwekundu, mzuri kweli. Alimnunua mnadani ili achinjwe siku ya ufunguzi, akafika naye nyumbani akampenda, roho ikakataa. Huyo mtamba pajani alikuwa na alama ya chuma cha moto: nusu duara limelala kama bakuli, na mstari umelikata katikati.

"Hiyo alama naipenda. Iweke hiyo hiyo."

Kabla hamjanitukana, nielezeni kosa langu liko wapi. Mimi ni Mmeru wa Akheri. Kwetu ni migomba na kahawa, na ng'ombe yuko bandani, analetewa majani kama mgonjwa. Wa Mchaga ndio kabisa, anaishi karibu na jiko. Ng'ombe wa hivyo nani ahangaike kumchoma alama, atapotelea wapi? Kwa hiyo tulikaa pale Mmeru na Mchaga, tunaangalia paja la ng'ombe, na wote wawili tukaona pambo.

Nikainyoosha mistari, nikaipa rangi nyekundu.

Sasa wenye fani mnajua, dizaina hauzi mchoro, anauza maelezo. Nikamwambia Mama Glory kwamba bakuli linawakilisha ukarimu, mstari ni uadilifu, na ile nafasi ya katikati ni mahusiano kati ya mteja na brand. Niliongea mpaka mwenyewe nikaanza kuamini. Mama wa watu akasema Mungu akubariki mwanangu.

Tukatoa bango la maana. Rubani anayetua uwanja wa Arusha nadhani alikuwa analisoma.

Siku ya ufunguzi padri akaja, akabariki mizani, akabariki visu, akanyunyiza maji mpaka kwenye bango. Watu wakaanza kukusanyika ng'ambo ya barabara. Wanaliangalia bango, wanaongea, wanaliangalia tena.

Hawavuki.

Saa zinakwenda, nyama inaning'inia, hakuna aliyeomba hata robo. Mama Glory akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mbona hawaji?"

Nikamwambia wanashangaa design.

Ndipo wakavuka wazee wanne, mashuka, fimbo, na kandambili za matairi. Anayeongoza tumwite Mzee Lazaro, shuka amelitupia juu ya koti la suti. Alianza kwa kumsalimia padri. Baadaye nikaambiwa yeye ni mzee wa kanisa kule kwao kwa Walutheri, na kweli walishikana mikono kama makapteni kabla ya mechi.

Kisha akamgeukia mwenye bucha, akamsalimia Kimaasai. "Takwenya, yeyo."

"Iko," akaitikia Mama Glory. "Karibuni sana, baba."

"Ng'ombe wetu wako wapi?"

Mama Glory akasema hizi nyama amenunua kihalali, vibali anavyo. Mzee Lazaro akanyoosha fimbo juu kwenye bango.

"Ile ni alama ya ukoo wetu. Tunachoma sisi, na baba zetu walichoma hiyo. Wewe umeiweka juu ya mlango wa nyama. Mtu wa huku akipita hapa anasoma kwamba wanaochinjwa humu ni ng'ombe wetu. Na sisi hatujakuuzia hata mmoja."

Masikini Mama Glory. "Hapana baba, lile bakuli ni ukarimu, na ule mstari ni..." Akasahau. Akanigeukia. "Waeleze, kijana."

Wakuu, nilitamani Mlima Meru ulipuke dakika ile ile tufe wote.

"Shikamooni," nikasema. "Ile nafasi ya katikati..."

Mzee Lazaro akanipandisha kutoka viatu mpaka miwani. "Wewe mtoto wa wapi?"

"Akheri, mzee."

"Aaa. Mmeru." Aliongea kama daktari aliyepata majibu ya vipimo. Wenzake wakanitikisia vichwa kwa huruma.

Akauliza alama tuliitoa wapi. Mama Glory akampa simu. Mzee akaikuza picha kwa vidole viwili, akawaita wenzake, wakaongea Kimaasai harakaharaka.

"Huyu ni wa mwanangu. Alipotea machungani kabla ya mvua. Yuko wapi?"

Hapo ndipo niliogopa kweli. Mama Glory ninayemjua mimi anabishania bei ya kitunguu mpaka muuzaji anaomba msamaha. Mtamba alimnunua mnadani kwa hela yake, kibali anacho, na mtamba mwenyewe ana mimba. Angeweza kusema nendeni polisi. Angeweza kusema alishachinjwa. Nilimwona anatazama bango, anatazama wale watu ng'ambo, anatazama nyama yake.

"Yuko nyumbani kwangu, mzima," akasema. "Tumlete. Aliyeniuzia tutamtafuta pamoja."

Akaletwa na pickup. Mzee Lazaro akampapasa lile paja, akainua macho kwenye bango, akanigeukia.

"Na umekosea. Mstari wa kwetu unapinda kidogo huku chini."

Yaani hata pale nilipewa marekebisho ya klaienti.

Halafu akawageukia watu wa ng'ambo, akapaza sauti Kimaasai, maneno machache tu. Wakavuka wote kwa pamoja. Kufika jioni bucha imebaki na kwato. Mama Glory anakata huku analia, sijui ni furaha au ni mtamba wake.

Nilimuuliza kijana mmoja kwenye foleni, mzee kasema nini?

"Kasema nyama ya hapa ni ya mtu anayerudisha."

Bango tuliambiwa lishuke siku hiyo hiyo. Ngazi nilipanda mwenyewe. Tukabandika karatasi nyeupe juu ya mchoro tukalirudisha, na hivyo ndivyo lilivyo mpaka leo. Jina la bucha hakuna anayelijua, wanasema "pale kwenye bango jeupe", na foleni yake mnaijua mnaopita njia ile. Yule aliyemuuzia mtamba, simu yake haipatikani mpaka kesho.

Nilichojifunza: maelezo yangu yote ya ukarimu na uadilifu hayakumvusha barabara hata mtu mmoja. Mama alivyomtoa yule mtamba, walivuka wote. Na mtu wa Kisongo kweli alijisikia nyumbani, mpaka akaondoka na ng'ombe.

Karibuni kwa maoni, na madizaina wenzangu mliowahi kuumbuka mshushe ya kwenu, nisibaki peke yangu. Mtakaoomba picha ya ile logo, siweki, bado naipenda roho yangu. Bango jeupe ndilo ninaloweza kuwaonyesha. Nimeliweka kwenye portfolio, chini nimeandika "minimalist".