Alhamisi ya Badru

Mwaka ule wa 1998, ungeuliza habari za Safia, mama yake Zamzam, pale mtaani Migosi, wangekuambia: "Yule mjane wa kompyuta?" Jina hilo lilimchoma, na nani lisingemchoma? Lakini kazi yake ilikuwa hiyo, fundi wa mtandao katika kampuni moja ya samaki mjini Kisumu, iliyounganisha kompyuta za vituo vyake vya ufuoni na ofisi kuu.

Ujumbe wote ulipita kwenye kisanduku kimoja cha chuma pale ofisini: uzito wa samaki, maombi ya barafu, habari za boti zilizopata shida. Tena Alhamisi ilikuwa siku ya matanga. Maiti hutolewa mochari Ijumaa, mazishi huwa Jumamosi, kwa hiyo Alhamisi kila kituo kilituma matangazo ya misiba: nani alete hema, nani alete sufuria. Kampuni iliruhusu. Ungemkatalia nani mambo ya msiba huku kwetu ziwani?

Alhamisi moja boti ya kampuni, nahodha wake Badru, mume wa Safia, ilianza kuzama karibu na kisiwa cha Ndere. Badru akaita kwa redio, karani wa ufuoni akaandika maneno yake, akayatuma Kisumu. Kisanduku kikazidiwa na matangazo, ujumbe ule kikautupa. Boti ya kuokoa ilipokuja kuondoka, hapakuwa na wa kuokolewa.

Wakubwa wakanunua kisanduku kipya. Safia alikuwa na nakala ya ujumbe wote wa siku ile, ulionaswa kabla haujaingia kwenye kisanduku. Akasema, "Tuirushe upya Alhamisi ile, kwa kasi ileile, tuone kama hiki kitahimili." Ilibaki kuchagua mashine ya kuirusha.

Mkuu wake, Zadock Amolo, mtu mwema kabisa, alileta kompyuta mpya, nyeupe, ya kupendeza. Wakarusha. Hakuna kilichopotea! Watu wakapiga makofi. Safia akayaona maneno ya mumewe yamefika kwenye kioo: "Maji yanaingia. Tuko karibu na Ndere." Moyo ukamruka, kisha wasiwasi ukamwingia.

"Mzee, turudishe kile cha zamani," alisema.

"Cha nini tena, Mama Zamzam? Si tunajua kile kilituangusha?"

"Ndiyo maana nakitaka."

Wakakirudisha, wakarusha. Ujumbe wa Badru ukafika tena, salama salimini. Jamani! Kisanduku kilichoua mtu kimefaulu mtihani! Makofi yaliisha hapo hapo. Kumbe diski ya ile kompyuta nzuri ilikuwa ya polepole, ikitoa ujumbe kidogo kidogo kama mtu anayegawa uji kwa kijiko. Msongamano wa siku ile haukuwapo.

Safia akaenda stoo, akatoa kompyuta kuukuu yenye makwaruzo, akaiongezea kumbukumbu mpaka Alhamisi nzima ikaenea humo, isisubiri diski. Akaiunganisha na kisanduku cha zamani, akaketi mbele ya kioo. Ya Rabi, alikuwa akiomba nini? Mashine ya kweli ilikuwa ile itakayompoteza mumewe tena, na hilo ndilo aliloliomba. Aliona haya mbele ya Mungu.

Matangazo ya matanga yakamiminika. Wakangoja ujumbe wa Badru. Haukuja.

"Hii ndiyo mashine," Safia akasema.

Zadock akavua kofia. "Pole, mama. Pole sana."

Wakaweka kile kisanduku kipya walichokipigia makofi. Nacho kikampoteza Badru. Zadock akaamuru kirudi kilikotoka siku hiyohiyo. Vikaja vingine, na kila kimoja kilipitishwa kwenye Alhamisi ileile, Safia akikaa pale pale. Haikuwa kazi ya kumtakia mtu.

Hatimaye kikaja kimoja kilichohimili. Katikati ya mahema na sufuria za watu, maneno yakatokea: "Maji yanaingia. Tuko karibu na Ndere."

Safia akajibu kwa sauti, kama karani wa zamu: "Tumekupata, Badru. Boti inatoka sasa hivi." Kisha akalia, na hakuna aliyemnyamazisha.