Harufu ya Dawa Mikononi

Nikiingia mahali panaponukia dawa ya kuua vijidudu, sijiulizi nani mgonjwa. Najiuliza nani anafichwa nini. Binti yangu hunicheka kwa hilo. Kwake yeye antiseptiki ni usafi, yameisha. Simbishii, ila nikimsikia mkubwa fulani redioni akisema kwamba hali imedhibitiwa na wahusika wanashughulikiwa, pua yangu hunusa dawa ile ile. Maneno nayo huoshwa. Husuguliwa mpaka hayana jasho, hayana damu, na ukiyasikia hujui hata yanamhusu mtu au mtaro. Niliolewa na mwanamume aliyeosha vyote viwili, mikono na maneno, na kwa muda mrefu sikujua ni kipi kilichonikera zaidi.

Ilikuwa miaka ya tisini, kambi ya wakimbizi ya Kakuma ingali changa. Vijana wetu wengi wa Lodwar walikuwa wakipanda malori kwenda kutafuta kazi huko, na mume wangu alikuwa mmoja wao. Alipata kazi kwenye kliniki ya kambi. Nilipomuuliza kazi gani, alisema ya usafi. Usafi wa nini? Wa mazingira. Nilikuwa na mimba ya kwanza, miguu imevimba, na sikuwa na nguvu ya kumchimba zaidi. Nilifikiri ni kufagia na kupiga deki, nikaona aibu kidogo kwa niaba yake, nikanyamaza.

Mimi nilikuwa na kibanda karibu na barabara ya kwenda mtoni. Niliuza sukari, majani ya chai, tumbaku, na sabuni kwa wingi. Ningeweza kufunga macho nikakuambia hii ni ya kufulia, hii ya kuogea, na hii ni ya kuogea ambayo mtu amefulia kwa sababu ya ujeuri. Kwa hiyo mwanamume akirudi nyumbani kwangu ananukia kitu ambacho hakikutoka kibandani kwangu, mimi ndiye wa mwisho wa kudanganywa.

Nilijifungua yeye akiwa Kakuma. Mtoto wa kike, mweusi tii, mwenye paji la uso la baba yake, mtu yeyote angeona. Mama yangu alikuja kukaa nami, akawaleta na mbuzi wake wachache tukawazungushia ua wa miiba nyuma ya nyumba. Mwisho wa mwezi mume wangu akarudi. Nilisikia lori likimshusha, nikajifunga leso mpya, nikamfuta mtoto uso, nikangoja. Nikangoja tena. Nilipochungulia nilimwona amechutama nje ya ua, upande wa nyuma, na beseni. Alitoa chupa ndogo mfukoni akamimina kitu cha rangi ya chai ndani ya maji, maji yakageuka meupe. Akajiosha mikono mpaka viwikoni, akasugua kucha, akamwaga, akaanza upya.

Ndipo akaingia. Alinisalimu, akamsalimu mama kwa mbali kama ilivyo adabu ya mkwe, akasimama mlangoni kumtazama mtoto. Nilimnyooshea mtoto. Akarudi nyuma hatua moja akasema ananuka safari.

Hakuwa akinuka safari. Mtu aliyesafiri juu ya magunia ya mahindi ananuka vumbi na dizeli. Huyu alinuka hospitali tupu.

Siku zote alizokaa hakumgusa mtoto. Alimtazama, hilo siwezi kumnyima, alimtazama sana, ameweka mikono nyuma ya mgongo kama mtoto wa shule aliyekatazwa kugusa ubao. Alilala nje kwenye ngozi, akisema ndani kuna joto. Joto la Lodwar lilikuwepo hata mwaka tuliooana, na hakuwahi kulikimbia. Nilipomuuliza kama kuna jambo, alijibu, "Hakuna. Kazi ni nzuri. Kila kitu ni safi." Jibu lisilo na pa kushika.

Alipoondoka nilianza kuhesabu visa. Jirani yangu, mama mmoja mfuma vikapu ambaye hakuwa na baya na mtu ila ulimi, alinisaidia. Alisema mwanamume anayeoga kabla ya kuingia kwake ana harufu ya kuondoa. Alisema hao manesi wa Kakuma wanatoka chini, Kitale na Nairobi, wana mikono laini na chupa za kila aina. Kisha akasema la tatu, polepole, akivuta ukindu: je, kuna mtu amemtia mwenzangu maneno kuhusu mtoto? Kwa sababu mwanamume asiyembeba mtoto wake wa kwanza huenda ana hesabu kichwani.

Hilo la tatu ndilo lililonichoma. Nesi ningeweza kupigana naye. Lakini kama mume wangu alikuwa na shaka na binti yangu, basi mtoto angekua ndani ya nyumba isiyo na baba, na baba yuko pale pale mlangoni. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Sikuwahi kumpa mtu yule sababu ya kunishuku, na sasa nilikuwa namshuku yeye kwa kunishuku mimi. Mama alinitazama akaniuliza nina nini. Nikamwambia kichwa.

Mwezi wa pili ulikuwa vile vile. Beseni, chupa, maji meupe. Safari hii niliona mikono yake kwa karibu alipopokea chai: ngozi imepasuka katikati ya vidole, kucha zimekatwa hadi kwenye nyama. Nikajiambia huyo nesi anampenda msafi. Mtoto alipoanza kucheka alimchekea yeye, lakini mikono ya baba ikabaki nyuma. Nikasema kwa sauti, ili asikie, kwamba mtoto huyu hana ukoma. Akatoka nje.

Basi nilingoja aondoke, nikafunga kibanda, nikamfunga mtoto mgongoni, nikamwambia mama nakwenda kuona mtu. Nilipata lori la unga lililokuwa likielekea Lokichoggio. Dereva alinikalisha mbele kwa ajili ya mtoto. Njia nzima nilipanga maneno. Yalikuwa mengi na hayakuwa yameoshwa hata kidogo.

Kakuma nilifika jua likiwa kali. Kliniki haikuwa ngumu kuipata, nilifuata harufu. Kwenye lango nilikuta wanawake wawili wakipiga deki, nikawauliza habari za mfanyakazi wa usafi, nikataja jina lake na la baba yake. Walitazamana. Mmoja akasema wa usafi ni wao wawili na mzee mmoja, na hakuna mwingine. Kumbe hata kazi yenyewe ni ya uongo! Nikauliza manesi wako wapi. Nilikuwa tayari kuingia chumba kwa chumba nikiwanusa.

Mtu aliyenizuia alikuwa mwanamume mrefu sana, mkimbizi kutoka Sudan, mwenye msalaba wa mbao shingoni. Baadaye nilijua ni yeye aliyeongoza sala kambini kwa watu wa kwao. Alikuwa amesikia jina nililotaja. Alinisalimu kwa lugha yetu, ejok, kisha akaingia Kiswahili chake.

"Mama, wewe nataka ule bwana wa huku nyuma," alisema. "Yeye si watu ya usafi hii ya maji. Kuja."

Nikamfuata. Nilikuwa bado nimekunja ngumi. Tulizunguka jengo, tukapita mapipa, tukafika kwenye kibanda cha mabati kilichokaa peke yake, mbali na vingine. Kando yake palikuwa na bomba, na kwenye bomba ameinama mume wangu, anajiosha. Nyuma yake, kivulini, palikuwa na machela, na juu ya machela blanketi la kijivu lililofungwa kamba. Kilichofungwa ndani hakikuwa kirefu. Hakikufika hata nusu ya machela.

Aliinua macho akaniona, akaona na leso mgongoni mwangu na mguu mdogo uliotokeza.

"Simama hapo," akasema. "Usimlete mtoto hapa."

Nikasimama. Maneno yangu yote ya njiani yakaniishia. Lakini moyo wa kushuku haufi mara moja, na nikasikia mdomo wangu ukiuliza lile lile nililokuja nalo. "Uko na nani huku?"

Akaelekeza kidevu kwenye machela.

"Niko na hawa," akasema.

Yule Mkristo wa Sudan ndiye aliyenieleza, tumekaa upande wa pili wa jengo, mtoto ananyonya. Watu walifika wamechoka na njia, alisema, na wengine walifika ili wafe tu. Wakubwa walikuwa na jamaa wa kuwabeba. Lakini walikuwapo watoto waliotembea bila baba na bila mama, na hao wakifa hakuna wa kuwaita. Mume wangu ndiye aliyewabeba, akawaosha, akawafunga, akawapeleka makaburini, na yeye, mtu wa sala, akawaombea. Wafanyakazi wengine wenyeji walikataa. Ofisini kazi hiyo waliiandika ya usafi. Hawakutaka neno lingine lionekane kwenye karatasi.

Asiyetoka kwetu huenda haelewi kwa nini alinificha. Kwetu aliyemgusa maiti haingii nyumbani hivi hivi. Kifo kinamshika, naye akimgusa mtoto mchanga au mama aliyejifungua kinawarukia. Lazima akae nje ya ua mpaka achinjiwe mnyama, apakwe majani mabichi ya tumboni mwa mbuzi, yale ambayo bado hayajawa mavi. Hapo ndipo anakuwa mtu tena. Mume wangu alijua akisema mara moja atalazimika kusema kila mwezi, na ukoo wangu ungedai aache kazi au aache mke. Nesi mmoja alimwambia dawa ile kwenye chupa huua kila kitu kilichoko mikononi. Akaichukua. Aliiamini kiasi cha kuvuka ua wetu nayo, lakini hakuiamini kiasi cha kumgusa binti yake. Akakwama hapo katikati, mikono nyuma, mwezi hadi mwezi, huku mimi nikimtafutia mwanamke.

Nilimkasirikia. Naliandika hili wazi kwa sababu watu wakisikia kisa hiki hutaka kusikia nilimhurumia pale pale. Nilimkasirikia kwa kuniacha nimshuku, kwa kuniachia jirani mwenye ukindu aniambie mambo ya nyumbani kwangu. Huruma ilikuja ndani ya lori, nikirudi Lodwar, nilipomkumbuka akimtazama mtoto akicheka. Sikujua alikuwa akiona watoto wangapi alipomtazama huyo mmoja.

Nilimwambia mama kila kitu. Nilidhani atapiga kelele. Alikaa akitafuna tumbaku, kisha akaniuliza kama kweli aliwafunga vizuri, wale watoto. Nikasema nadhani ndiyo. Akasema basi atumiwe habari, akija asiingie wala asijimwagie hiyo chupa yake, asimame nje.

Alikuja. Alisimama nje ya ua bila beseni, amevua shati, anaona aibu kama bwana harusi. Mama alikuwa amechagua beberu mweupe, na mjomba wangu akamchoma mkuki, akamfungua, akatoa majani ya kijani yenye joto. Alimpaka mume wangu kifuani, mabegani, akashuka mikononi. Alipofika kwenye ile mipasuko katikati ya vidole alipunguza mwendo, akapaka taratibu. Manesi wangepiga kelele kuona kitu kama kile kikipakwa kwenye kidonda. Mimi mwenyewe, muuza sabuni, nilishikwa na mashaka. Lakini nilimwona mume wangu akishusha pumzi, na mabega yake yakashuka nayo.

Akaingia uani. Nikampa mtoto. Hakujua kumshika, alimshika kama mtu aliyebebeshwa maji yaliyojaa hadi ukingoni, na mtoto akamvuta sikio. Mume wangu akalia pale mbele ya mjomba bila kujificha.

Tulipokuwa tunakula nyama nilikaa na mama pembeni. Aliuliza, bila kumtazama mkwe wake, kama sasa ataacha ile kazi. Nilimwambia hapana, nimeshamuuliza. Jumatatu anarudi Kakuma. Akiacha, nani atawabeba wale?

Mama akasema akirudi mwisho wa mwezi itabidi achinjiwe mbuzi mwingine, apakwe tena.

"Na mwezi utakaofuata," nikasema.

Akageuka akatazama uani, walikosimama mbuzi waliobaki. Nilidhani atasema wako wa kutosha, au hawatoshi, au tutaomba kwa ndugu.

"Basi mwambie asimweke mtoto chini leo," akasema mama. "Amshike mpaka alale."